Sura ya Nne: Lulu za Fungu la Buku

Ukitaka kuijua lulu, isugue kwenye meno. Ifute kwanza kwa kitambaa, maana hujui shingo iliyoivaa, kisha ipitishe taratibu kwenye ncha za meno ya mbele. Lulu ya kweli hukwaruza kidogo, kama chembe za mchanga zilizobaki kwenye mchicha ulioshwa kwa haraka. Ya plastiki au ya kioo huteleza. Hiyo ndiyo maabara yangu, na nimeifungua mara nyingi katikati ya mitumba ya Tunduma, nimechuchumaa mbele ya turubai huku wapita njia wakinitazama kama mtu aliyezidiwa na njaa.

"Mwalimu, hizo haziliwi," aliniambia siku ya kwanza mama mmoja muuza mikoba. Majirani zake wakacheka, hata mteja wa viatu akaacha kupatana bei ili aone kinachochekwa.

Mdomoni nilikuwa na bangili ya zambarau iliyofifia, rangi ya ua la kiazi mviringo. Ilitoka kwenye mkoba mweusi, katika ule mfuko wa ndani wenye zipu ambao mwenye mkoba, huko alikokuwa, alisahau kuupekua kabla ya kuutoa. Mama alikuwa ameitupa kwenye fungu la vikorokoro: hereni zisizo na wenzake, saa zilizosimama, vibanio vya nywele, shanga za watoto. Kila kimoja buku. Nikasugua, chembe zikaitikia. Nikatoa elfu moja bila kupatana, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu sokoni mtu asiyepatana bei ni mtu anayejua jambo.

Tunduma haina bahari. Ina malori. Mchana na usiku yamepanga foleni, yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo yakishuka kwenda Dar es Salaam, yaliyobeba mafuta na makontena yakipanda. Oktoba 2019 marais Magufuli na Lungu walizindua hapa kituo cha forodha cha pamoja, lakini kwa mwenyeji mpaka bado ni jambo la kuvuka kwa miguu: hatua chache tu uko Nakonde, na shilingi imegeuka kwacha. Na neno nalo limegeuka. Sisi tunasema mitumba, wao wanasema salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua lundo ukichagua. Nimelifikiria sana tofauti hiyo. Neno letu linataja mzigo, la kwao linataja mikono. Mkusanyaji wa lulu mwenye pesa kidogo ni mtu wa salaula hata kama hajawahi kuvuka mpaka.

Zamani nguo hizi ziliitwa kafa Ulaya, kwamba mwenyewe amekufa huko ndipo zikaletwa kwetu. Zilianza kumiminika miaka ya 1980, Mzee Mwinyi alipolegeza biashara. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana ziondolewe ifikapo 2019, Marekani ikatishia kufunga mlango wa AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika kwa nafuu ya ushuru, na waliobaki na msimamo ni Rwanda peke yao, ambao mwaka 2018 walisimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zao. Belo zikaendelea kufunguliwa. Kwa nguo, lile jina la zamani lilikuwa la utani, maana mzungu wa leo hutoa shati akiwa mzima kabisa. Kwa lulu nadhani lina ukweli. Uzi wa lulu ni kitu cha bibi. Hukaa kwenye mkoba au kwenye droo miaka arobaini, halafu siku moja wajukuu wanafagia nyumba.

Sasa, kwa nini nakusanya lulu za rangi? Kwa sababu Tunduma nzima inajua kwamba lulu ni nyeupe. Uzi mweupe, hata wa plastiki tupu, hutundikwa juu kwenye kamba, ukapangiwa elfu kumi, ukangoja mama wa kitchen party au binti wa send-off. Wa rangi ya kutu, kijivu, zambarau au papai lililoiva hutupwa chini kwa watoto. Soko lenyewe limenifungulia mlango, nami sikuusukuma. Mwenye elfu ishirini kwa mwezi (ndicho kiasi nilichojiwekea, na miezi ya ada sijiwekei kitu) akishindana juu kwenye kamba atashindwa. Chini kwenye turubai hana mshindani.

Inashangaza, kwa sababu watu wa bara hili walikuwa wachaguzi wa rangi kupita kiasi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilibeba shanga za kioo kama fedha ya njiani, na kila nchi ilikuwa na rangi yake. Shanga nyekundu za samisami zilipendwa hapa, zikakataliwa pale, na mwaka uliofuata kinyume chake. Mkuu wa msafara aliyekosea rangi alikuwa na mizigo ya utajiri na wapagazi wenye njaa, maana hakuna aliyempa unga kwa shanga zilizopitwa. Wazungu waliopita, kina Burton na Stanley, waliandika kwa hasira jinsi akina mama wa vijijini walivyowasumbua kwa kuchagua. Mimi nawaunga mkono akina mama.

Rangi ya lulu haifanani na rangi ya kitambaa. Lulu imejengwa kwa tabaka nyembamba mno za madini ya aragonaiti, moja juu ya nyingine, na mnyama mwenyewe ndiye mwashi. Mwanga ukiingia katika tabaka hizo hurudi umechanganyikana, ndiyo maana uzi wa kijivu ukiugeuza unapitisha kijani, halafu waridi, halafu kijivu tena. Kama huelewi, nenda kando ya foleni ya malori baada ya mvua ukatazame dimbwi lililodondokewa na dizeli. Ni kanuni ileile. Lulu ya bandia ina rangi moja, na inakuonyesha hiyo hiyo asubuhi na jioni.

Za zambarau, waridi na papai mara nyingi ni za maji baridi, kutoka kwa kome wa mabwawa ya China. Rangi hizo ni za kwao za kuzaliwa. Kome mmoja hutiwa vipande vidogo vya nyama ya kome mwenzake, akavifunika na kutoa lulu kwa makumi, na karibu lulu yote huwa ni tabaka zake mwenyewe hadi ndani. Huo wingi ndio ulioshusha bei duniani. Miaka ya 1980 zilitoka nyingi zilizokunjamana, zenye umbo la punje ya mchele, wauza vito wakazidharau. Ukikuta nyuzi za mchele wa zambarau zilizosokotwa tatu tatu kama kamba, usipite. Kuna watu wanapenda lulu ziwe duara kama gololi. Mimi naona duara ndilo umbo la uvivu.

Nyeusi ni habari nyingine. Nyeusi ya kweli, inayovuta kijani kama shingo ya njiwa, hutoka kwa chaza mwenye mdomo mweusi ambaye wanasayansi humwita Pinctada margaritifera. Dunia huziita lulu za Tahiti kwa sababu hufugwa zaidi katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, lakini chaza huyo yupo hata katika bahari yetu. Za dhahabu hutoka kwa binamu yake mkubwa, Pinctada maxima, kule Ufilipino na Indonesia. Ya dhahabu sijawahi kuipata Tunduma, na anayekuuzia kwa elfu tano anakuuzia rangi ya kopo.

Naijua rangi ya kopo. Jumapili moja ya Januari nilivaa kanisani uzi mweusi nilionunua kwa elfu kumi na tano, bei ambayo kwangu ni karibu mwezi mzima. Punje zake zilikuwa ndogo kama choroko, zimelingana zote kama zimetoka tumbo moja. Meno yalisema lulu, na meno hayakudanganya. Tukatoka kwenye ibada, mvua ya Mbozi ikatukamata kabla hatujafika barabarani, na nilipovua koti nyumbani nikakuta mstari wa bluu nyeusi kwenye blauzi nyeupe, umezunguka shingo kama alama ya kitanzi. Mama mkwe alidhani nimeumia.

Lulu ilikuwa ya kweli, rangi ilikuwa ya uongo. Meno hujibu swali moja tu. La pili lazima uliulize kwa macho. Tafuta tundu lililopitishwa uzi: kama rangi imekusanyika pembeni mwa tundu au ndani ya nyufa, ikakolea kuliko mahali pengine, imemiminwa. Tazama punje zikiwa pamoja: asili haijui kurudia, na lulu za rangi ya asili hupishana hata kama fundi amezilinganisha kwa mwaka mzima. Tazama ukubwa. Nyeusi ya Tahiti kwa kawaida huanzia milimita 8, yaani njegere iliyonona na kuendelea, kwa hiyo choroko nyeusi iliyo duara ina maswali ya kujibu. Mwisho kabisa kitambaa cheupe chenye unyevu, na hicho kitumie kwako nyumbani, kwa sababu ukikitumia sokoni muuzaji atakuona mgomvi. Uzi wangu wa choroko ninao bado. Nauvaa na nguo nyeusi, wakati wa kiangazi.

Katika baridi ya Juni usitegemee kipimo cha ubaridi kinachosifiwa na watu wa joto. Tunduma ya Juni kila kitu ni cha baridi, hata plastiki. Badala yake shika punje kiganjani na uhesabu polepole. Plastiki itapata moto upesi. Kioo na lulu zitachelewa, na hapo umebaki na mashaka kati ya viwili, urudi kwenye meno.

Usidharau bandia zote. Karne ya 17 fundi wa tasbihi wa Paris aitwaye Jaquin alikamua mng'aro wa magamba ya samaki wadogo wa mtoni, akaupaka ndani ya vidonge vya kioo. Aliyewahi kumwaga debe la dagaa wabichi juani anajua alichokiona huyo Mfaransa. Baadaye mng'aro huo ulipakwa juu ya kioo, tabaka kwa tabaka, na kisiwa cha Majorca huko Hispania kikapata jina kwa kazi hiyo. Vidonge hivyo vya kioo ni vizito na hukaa vizuri shingoni, na nimewahi kununua uzi wa rangi ya chai ya maziwa ambao sitauuza. Ila angalia matundu. Bandia ikizeeka hubanduka hapo kwanza, kama rangi ya ukuta wa udongo, na ikishaanza haizuiliki.

Wakati mwingine nikiwa pale kwenye turubai huwa nafikiria mzunguko wa kitu hiki. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya utumwa wa Uarabuni, ameonyesha jinsi tende na lulu zilivyovuta watu wa Afrika Mashariki kupelekwa Ghuba wakiwa watumwa, katika karne ya 19 na hata kuingia ya 20. Miongoni mwa waliofungwa kamba kiunoni, wakabanwa pua kwa kibanio na kushushwa kwenye mawe ya chaza, walikuwamo watu waliotoka huku kwetu. Lulu walizopandisha ziliuzwa Bombay, zikaendelea Paris na New York. Kisha Julai 1893 huko Japani Mikimoto Kokichi, mtoto wa muuza tambi, tungemwita mtoto wa mama ntilie, akafungua chaza aliowapandikiza akakuta nusu lulu imejishikiza kwenye gamba. Miaka arobaini baadaye lulu za kufuga pamoja na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 zikawa zimeiua biashara ya Ghuba. Huenda uzi wa akoya, hao chaza wadogo wa Japani, unaookota leo kwa elfu mbili ni mzao wa lulu ile ile.

Na hapa nyumbani? Kusini mwa Unguja, vijiji vya Fumba, Bweleo na jirani zake, akina mama walioshirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar walijifunza katika miaka ya 2000 kufuga chaza na kubandika vidonge vya nusu duara ndani ya gamba, hadi chaza akavifunika kwa lulumizi yake. Matokeo ni nusu lulu zinazochukua rangi ya gamba: fedha, kijani, bluu ya moshi. Wanang'arisha pia magamba yenyewe kuwa hereni na vidani. Ukipita huko, nunua. Hutapata bei ya buku, na hupaswi kuipata.

Hiyo inanileta kwenye jambo ambalo wakusanyaji hawapendi kulizungumza.

Mwaka uliofuata ile bangili nilinunua kwa mama yule yule uzi wa rangi ya papai, punje kama dengu, kwa elfu mbili. Kifungo chake kilikuwa kidogo, cheusi kwa uchafu. Nyumbani nilipokisugua kwa kitambaa laini ikatokea chapa: 14K. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa sonara. Mkoa wa Songwe haukosi masonara wenye macho, maana dhahabu ya Saza na Mkwajuni, katika uwanda ule ule wa Lupa uliovuta wachimbaji tangu miaka ya 1920, haiko mbali. Alikwaruza kifungo kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha asidi, akasubiri. Mstari haukufutika.

"Hiki nakinunua," akasema. "Hizo lulu zako shauri yako."

Sehemu 14 katika 24 ni dhahabu safi, na hata kifungo chenye uzito wa punje mbili tatu za mahindi kilizidi mara nyingi bei ya uzi wote. Sikukiuza. Nilirudi kwa mama wa mikoba nikamweleza, nikiwa nimeshika noti mkononi. Kwenye mfano wa Injili mfanyabiashara anauza vyote alivyo navyo ili apate lulu moja ya thamani, na katika makanisa yetu huhubiriwa kwa furaha kubwa. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya yule aliyemuuzia.

Mama alisikiliza, akakunja kanga yake kiunoni. "Mwalimu, ungekuta ni bati ungekuja nikurudishie elfu mbili yako?"

Nikasema hapana.

"Basi ni chako. Ila na mimi nifundishe."

Lakini noti alizichukua, na sikumlaumu. Tukakubaliana. Kila akifungua belo la mikoba hupekua mifuko yote ya ndani, na chochote cha duara chenye rangi kinaingia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Jumamosi nakaa kwenye kigoda chake tunachambua pamoja. Nilimwonyesha matundu. Nilimwonyesha mafundo: uzi uliofungwa fundo kati ya punje na punje ulitengenezwa na mtu aliyeziheshimu, ili ukikatika idondoke moja tu. Nilimwonyesha chapa za 925 kwa fedha. Alijifunza haraka kuliko mimi, kwa sababu ameshika vitu vya watu zaidi ya miaka ishirini na vidole vyake vinajua uzito.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Lulu huliwa na tindikali, kwa hiyo siki, ndimu, manukato na jasho ni adui. Dawa ya kung'arishia nguo nayo ni kaburi lake. Niliwahi kuiloweka bangili ndani yake kwa dakika chache na mpaka leo inafanana na mfupa. Jipulizie marashi kwanza, vaa lulu mwisho, ukirudi ifute kwa kitambaa chenye maji matupu. Usiifungie kwenye mfuko wa nailoni. Uzi uliooza badilisha kabla haujakukatikia stendi, na ukiwa unazitoa punje zipange kwa mfuatano ule ule kwenye kanga iliyotandikwa, kwa sababu aliyezipanga mwanzo alikuwa na sababu zake.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kwa sababu ya ukaguzi wa shule. Nilipofika, kopo lilikuwa limekwisha kumwagwa kwenye sinia na kuchambuliwa kwa mafungu. Pembeni peke yake palikuwa na hereni moja isiyo na mwenzake, punje ya kijivu kubwa kuliko njegere, na ilipopata jua ikapitisha kijani, halafu kitu kama zambarau, halafu ikarudi kijivu. Nilinyoosha mkono. Mama akaiwahi, akaifuta kwa pindo la kanga, akaipitisha taratibu kwenye meno yake ya mbele, macho ameyafumba.

"Hii elfu thelathini, mwalimu," akasema.